Siku Kisoma Skrini Kiliponinyamazia

Sipendi kuambiwa pole. Nalisema mapema ili tusisumbuane. Watu wa Kariakoo wakiiona fimbo yangu nyeupe wanasema pole, halafu wananishika mkono bila kuniuliza na kunivusha barabara ambayo sikuwa na haja ya kuivuka. Siku moja nilivushwa nikiwa nimesimama tu namsubiri muuza karanga. Nilimsema aliyenivusha mpaka akanirudisha, na njiani akaninunulia karanga za kuniomba radhi. Nikazipokea. Hasira zangu hazikatai karanga.

Macho yangu yaliondoka taratibu. Presha ya macho, walisema hospitali, na tulikuwa tumechelewa. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya pua ikigusa karatasi, na nikafaulu, sitaki mtu alisahau hilo. Mwanga wa mwisho ulizimika nikiwa na mimba ya binti yangu. Kwa hiyo uso wake sijawahi kuuona. Naujua kwa vidole: paji pana kama la baba yake, nyusi laini, shavu moja lenye kishimo akicheka. Akilala mchana huwa nampapasa pole pole kuangalia kama kuna kilichobadilika tangu mara ya mwisho. Siku hizi anashtuka na kusema, "Mama, umeanza tena." Naacha. Akilala tena naendelea.

Mwaka ninaousimulia alikuwa darasa la kwanza, na mama mkwe wangu alikuwa ameamua kumchukua akakae naye Masasi.

Hakulisema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningejua pa kushika. Alilisema kwenye simu kwa sauti ya upole, kama mtu anayekupunguzia mzigo kichwani: "Mwanangu, mtoto ameanza shule. Anahitaji mtu wa kumsimamia. Akikusomea uongo wewe utajuaje?" Mume wangu ni dereva wa malori, yuko Tunduma kuliko nyumbani. Nilipomuuliza yeye anasemaje, akajibu, "Tutaongea." Mwanaume akisema tutaongea, ujue ameshakubali, anaogopa tu kuwepo.

Mama mkwe akasema anakuja Jumamosi. Tena anakuja na begi tupu, la nguo za mtoto. Hilo la begi sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na wifi yangu, ambaye hana breki mdomoni, Mungu ambariki.

Sikulia. Nilisema, aje. Nitamwonyesha.

Cha kumwonyesha nilikuwa nacho: kompyuta yangu. Ilikuwa mtumba mzee, bawaba moja imelegea, niliyotafutiwa na rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, ambaye naye haoni. Aliiwekea mfumo huria, ule usiouzwa, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuuchokonoa atakavyo. Ndani yake kuna programu inayoitwa kisoma skrini. Chochote kilichoandikwa kwenye kioo, kisoma skrini kinakitamka. Nikiandika neno, kinalitaja. Nikiweka nukta, kinarudia sentensi nzima. Kinaongea Kiswahili, lakini cha mzee mwenye mafua aliyekulia sayari nyingine. Nilikipenda tangu siku ya kwanza. Ndicho kitu pekee mjini hapa kinachoniambia kilichopo bila kuniambia pole.

Kila siku baada ya chakula cha mchana mimi na binti yangu tulikuwa na kazi yetu. Naandika sentensi kwa herufi kubwa, yeye anazisoma kwenye kioo, nami nimeweka iafoni sikio moja, kisoma skrini kinanong'ona kilichoandikwa. Akiruka neno namkamata. Akibuni namkamata haraka zaidi.

"Mama, umejuaje?"

"Nina watu wangu."

Kwa muda mrefu aliamini nina watu wangu ndani ya kompyuta.

Sasa, chini ya chumba chetu, upande wa barabarani, kuna jamaa anauza mashati. Sisi tuko ghorofa ya kwanza, nyumba ya zamani ya familia moja ya Kiarabu, na dirisha letu linatazama uani, kwenye matangi ya maji na kamba za kuanikia. Kelele za barabarani kwetu zinafika kama mvua ya mbali, hutofautishi neno. Jamaa ana spika kubwa yenye magurudumu, ya kuitia wateja. Kariakoo usipokuwa na spika huna biashara, unapunga upepo. Ijumaa jioni, siku moja kabla ya mama mkwe kufika, alipanda ngazi akabisha hodi.

"Dada mkubwa, nina shida na wewe."

"Sema ukiwa hapo hapo mlangoni."

"Tangazo langu limechoka. Sauti yangu imekauka, wateja wananipita kama nguzo. Nataka unirekodie wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ukigombana na wauza maji uani, mpaka sisi mbele tunaacha kazi tunasikiliza. Hiyo ndiyo sauti ya biashara, dada. Ile ya kumtisha mtu anunue."

Nilitaka kumfukuza, lakini binti yangu alikuwa ameshaanza kucheka. Nikarekodi kwenye kompyuta: "Mashati ya kiofisi, mashati ya harusini! Usipite umekunja uso, njoo uvae!" Jamaa akaivuta spika mpaka juu, akaiunganisha na kompyuta kwa bluetooth tusikie inavyotoka. Ilitoka vizuri mno, nikajiogopa. Akalihamishia tangazo kwenye simu yake, akazima spika, akashuka nayo ngazi moja moja akishukuru. Mimi nikarudi kwenye mchele wangu.

Jumamosi asubuhi nikafungua kompyuta nijiandae. Feni ikavuma. Nikasubiri lile neno la kwanza la mzee wangu mwenye mafua.

Kimya.

Nikabonyeza vitufe vya kukiamsha kisoma skrini. Kimya. Nikapandisha sauti mpaka kitufe kikagoma. Nikachomeka iafoni, nikachomoa, nikachomeka tena. Nikaizima, nikaiwasha.

"Imewaka?" nikamuuliza binti yangu.

"Imewaka mama. Kuna picha ya mlima."

"Mlima upo sawa?"

"Upo sawa. Una theluji."

Mlima uko sawa! Ndivyo mashine zinavyonifanyia mimi. Kwa mwenye macho hakuna kilichoharibika, kila kitu kinang'aa mahali pake. Mimi ndiye niliyefungiwa nje, na mlango wenyewe hausemi uko wapi.

Kwa fundi sikutaka kwenda. Sauti iliwahi kuniletea matatizo mwaka mmoja nyuma, inakatika katika, nikaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani. Aliirudisha akiwa na furaha kabisa: "Dada, ipo safi. Na ile sauti iliyokuwa inabwabwaja nimekuondolea." Nilimuuliza kama huwa anamtengenezea mtu gari na kumwondolea usukani. Akasema pole.

Nikampigia rafiki yangu kwa kitochi, kisimu changu kidogo cha vitufe, maana simu yangu kubwa ilishaondoka na mtu kwenye foleni ya basi la mwendokasi.

"Imekufa," nikamwambia.

"Nani kasema imekufa?"

"Mimi! Haitoi hata pumzi!"

"Punguza sauti, mimi sina macho, masikio ninayo. Uligusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Sote huwa hatujagusa kitu. Sikiliza. Kisoma skrini hakifi hivi hivi. Mara nyingi kinaongea, ila kinaongea pengine. Kwenye tivii, kwenye tundu la iafoni, popote. Usiulize kwa nini kimenyamaza, uliza kinaongea wapi." Akanitajia amri ya kuandika, ile inayoorodhesha vifaa vyote vya sauti. "Kitakachokuwa na nyota pembeni, ndipo sauti inapoenda. Mtoto akusomee. Nikitoka kazini nitakupigia."

Amri hizo naandika kwenye lile dirisha jeusi ambalo watu wengi wenye macho wanaliogopa. Vidole vyangu vinalijua. Nikaandika, nikabonyeza, nikamwita mwanangu.

"Mama, ni maneno mengi. Ya Kizungu."

"Usisome yote. Tafuta nyota."

Nilimsikia akipumua karibu na kioo. Kidole chake kilikuwa kinateleza kwenye plastiki, kinashuka taratibu.

"Nimeiona. Ndogo."

"Pembeni yake pameandikwa nini?"

"Eksi. Bi. Kistari. Halafu namba, namba, namba."

Eksi, bi, na namba. Nikaona ni kitu cha humo humo ndani ya kompyuta, jina la kiwandani. Kila kipande cha mashine kina jina kama la mfungwa. Nikasema basi, sauti inaenda inakotakiwa, spika za kompyuta ndizo zilizoungua. Na spika zikiungua, Jumamosi, mama mkwe yuko njiani, nimekwisha.

Nilikasirika hapo, kwa kweli. Nilifunga kompyuta kwa nguvu mpaka bawaba ikalia. Nikaingia kupika ili mikono iwe na cha kufanya. Nikakuna nazi kama vile nazi ndiyo iliyomzaa mume wangu.

Binti yangu akaja akasimama nyuma yangu, akaegemeza kichwa mgongoni. Anafanya hivyo akitaka kusema kitu kikubwa na kimo bado hakijatosha.

"Mama, leo hatusomi?"

"Sauti haipo."

"Si mimi nipo?"

Nikaacha kukuna.

"Wewe andika tu," akasema. "Mimi nakusomea kwa sauti. Sidanganyi."

Tukala kwanza, tukaosha mikono, ndipo tukakaa mkekani kama siku zote. Nikafungua kompyuta, nikafungua ukurasa wa kuandikia. Kuandika bila kusikia ni kama kutembea ngazi usizozijua, kila kidole kinaogopa. Nikaandika polepole.

"Mama anapika," akasoma. "Mama anapika wsli." Akasogelea kioo. "Mama, wsli ni nini?"

"Kosa. Inatakiwa wali."

"Basi futa."

Nikafuta, nikarekebisha. Yeye ndiye akawa kisoma skrini changu. Nikiweka nukta anarudia sentensi yote, bila kuambiwa, maana ndivyo alivyozoea kusikia mashine ikifanya ninapoandika bila iafoni. Alikuwa hata anabana pua ili afanane nayo. Nikacheka, nikasahau kuwa nimekasirika.

Nikaandika: Wali una nazi. Akasoma. Nikaandika: Bibi anakuja leo. Akasoma, sauti ikapungua kidogo. Nikaandika: Bibi anatoka mbali. Bibi amechoka. Tutampa maji ya baridi.

Sijui kwa nini niliandika hayo. Mdomo wangu usingeyasema siku ile hata ungenilipa. Labda ni kwa sababu sikuyasikia yakitamkwa na mashine, yalikuwa kama hayajatoka.

"Sasa andika ya kwangu," akasema.

"Sema."

"Andika: Bibi ana begi."

Mikono yangu ikasimama hewani. Kumbe alijua. Mtoto wa chumba na sebule anajua kila kitu, mazungumzo ya simu hayana pengine pa kwenda.

Nikaandika. Bibi ana begi.

"Andika: Mimi nampenda bibi."

Nikaandika.

"Andika: Lakini mimi ninabaki na mama."

Nikaandika, nikaweka nukta. Nikasubiri anisomee kama zile nyingine. Hakusoma. Nilipomgusa shavu lilikuwa limelowa. Nikampakata, mguu wake mmoja ukakanyaga kompyuta, wala sikujali. Tulikaa hivyo mpaka niliposikia nyayo kwenye ngazi, nzito, za mtu aliyepanda basi tangu alfajiri na sasa anapanda ghorofa ya watu. Nyuma yake nyayo za jamaa wa mashati, na kitu kinaburuzwa.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuketi. Alisimama palepale mlangoni, anahema. Nilisikia begi likiwekwa chini: jepesi, tupu kama lilivyosemwa. "Hebu niambie. Ni ninyi mnaotangaza wali wa nazi Kariakoo nzima?"

Sikuelewa. Nikasema, "Mama?"

"Nimefika hapo chini namuuliza huyu kijana nyumba yenu. Kabla hajanijibu, lispika lake likasema lenyewe, wali una nazi. Watu wakacheka. Nikasema hii Dar, watu wanauza hadi wali kwa spika. Mara likasema, bibi anakuja leo."

Jamaa wa mashati akadakia, "Dada mkubwa, spika yangu ina jini tangu asubuhi! Nimeiwasha tu, simu yangu ikakataliwa kuunganisha. Nikaanza kupiga kelele kwa maiki. Basi kila nikivuta pumzi, linatokea lizee la puani, linasema sijui kitufe, sijui dirisha, sijui asteriski. Nikataka niizime, lakini watu wamejaa wanasikiliza, mashati yanatoka. Nikasema jini, fanya kazi!"

Eksi. Bi. Kistari. Namba.

"Kaka," nikamwambia, "pembeni ya spika yako pameandikwa nini?"

Akainama. "Eksi, bi, kistari..."

"Nyamaza, basi."

Ile ndoa tuliyowafungisha Ijumaa, kompyuta na spika, haikuvunjwa na mtu. Spika ilizimwa tu. Asubuhi ilipowashwa, kompyuta ikaitambua kupitia sakafu, ikaikimbilia, na sauti yangu yote ikahamia mtaani. Kisoma skrini hakikuninyamazia hata dakika moja. Kilifanya kazi siku nzima, kikisomea wapita njia kila nilichogusa. Kila neno. Kila nukta.

Kila nukta!

"Mama," nikauliza, "ulisikia mpaka wapi?"

Mama mkwe alivua viatu, kimoja, kingine. Akaja akakaa mkekani, nikasikia magoti yake yakilalamika.

"Nimesikia mpaka mwisho," akasema. "Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake, huyu kijana amenipa kiti cha wateja. Watu wote walicheka kwenye wali. Kwenye begi hawakucheka. Mama mmoja aliyeshika shati akaniangalia, kisha akaliangalia begi langu."

Jamaa wa mashati akakohoa, akasema anaenda kuangalia meza yake.

"Subiri," nikamwambia. "Acha nikutolee jini wako."

Nikaandika amri ya kukata ule muungano, herufi moja moja, binti yangu akinisomea huku akivuta kamasi. Nikabonyeza. Na hapo, mkekani, karibu na goti langu, mzee wangu mwenye mafua akarudi, akasoma mstari wote wa amri kwa kiburi chake kilekile.

"Ndiyo huyu?" mama mkwe akauliza.

"Ndiye."

"Mbona anaongea kama ana mafua?"

"Ndiyo sauti yake."

"Hebu asome tena. Pale pa bibi."

Nikarudi kwenye ukurasa, nikampa iafoni moja, nyingine nikabaki nayo. Tukakaa tumefungwa na waya mmoja kama mbuzi wawili, tukasikiliza. Binti yangu, asiye na iafoni, akawa anasoma kwenye kioo kwa sauti, neno kwa neno pamoja na mashine. Hakuruka hata moja. Safari hii hata ile ya mwisho aliisoma.

Mama mkwe akatoa iafoni sikioni.

"Hiyo ya maji ya baridi," akasema, "uliandika mwenyewe, au mtoto alikulazimisha?"

"Niliandika mwenyewe."

"Basi yako wapi hayo maji?"

Nikanyanyuka haraka nikagonga meza. Binti yangu akacheka, bibi yake akamwambia, "Mke mwenzangu, unamcheka mama yako? Njoo hapa nikuone meno." Nilimimina maji, kidole kikiwa ndani ya glasi kupima yalipofika, kama ninavyofanya siku zote. Alikiona kidole, lazima alikiona. Akanywa yote.

Hakusema kwamba amebadilisha mawazo. Si mtu wa kusema hivyo, na mimi si mtu wa kuuliza. Alikaa nasi siku kadhaa. Kila baada ya chakula alikaa mkekani akitaka apewe sikio lake la waya. Binti yangu akikosea, bibi ndiye anayemkamata kabla yangu, kwa fujo. Alizunguka Kariakoo yote, akarudi akilalamikia jua, wauzaji na jinsi watu wanavyotembea. Jamaa wa mashati alimwita mteja wa kwanza wa jini na kumpunguzia bei mpaka mimi nikaona aibu.

Asubuhi ya kuondoka nilimsikia akipanga begi. Nilijifanya nafagia. Alipotoka kwenda bafuni uani nikainama, nikaingiza mkono. Nikagusa kola, vifungo, kola nyingine, mashati yaliyokunjwa ya babu na ya baba wadogo wote. Nikapeleka vidole chini zaidi, pembeni, nikitafuta kitambaa cha sare ya shule, marinda ya gauni dogo.

"Unapekua nini?"

Alikuwa mlangoni. Sikujua amesimama hapo tangu lini.

"Nakunja vizuri, mama."

"Gauni lake halimo," akasema. "Toa mkono nifunge zipu."